Mazungumzo ya Jamaa: Mzigo wa Mwenzio

Wazee walisema: «Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.» Maana yake twaijua sote. Mzigo ulio kichwani pa mtu mwingine waonekana mwepesi kama usufi, kwa kuwa hatuubebi sisi. Methali hiyo tumewafundisha watoto wetu mara nyingi, tena kwa sauti kubwa. Lakini mwaka huu, katika likizo ya mwezi wa Saba, mlima ulitufundisha sisi wenyewe, na somo lile halikutupendeza. Twawasimulia bila kujificha, kusudi jamaa zipate faida.

Tulikuwa watu saba: wazazi wawili, mwalimu mmoja, na wanafunzi wanne wa shule ya sekondari. Tulitaka watoto waukaribie mlima ambao tangu kuzaliwa kwao wameuona kwa mbali tu, siku zile mawingu yanapoachana. Mlima huo ni Ruwenzori. Mpaka wa Kongo na Uganda wapita juu yake, na kilele chake kirefu kupita vyote, Margherita, chenye mita 5109, ki mpakani penyewe. Upande wetu pana njia ya zamani itokayo Mutwanga. Walakini kwa ajili ya ukosefu wa usalama katika nchi ya Beni tuliona ni heri kuzunguka. Basi tulivuka mpaka pale Kasindi, tukapita Kasese, tukafika kijiji cha Nyakalengija, chini ya mlima upande wa mashariki.

Wala hatukuwa wageni kabisa. Wakonzo wa huko na Wanande wa kwetu ni ndugu, na lugha zao zasikilizana. Mwenye kusalimu kwa Kinande hujibiwa kwa Kikonzo, na mazungumzo yaendelea. Wakonzo ndio waliouita mlima huu tangu zamani Rwenzururu, yaani mahali pa theluji.

Haikuwa nia yetu kufika kwenye theluji. Safari hiyo yataka siku nyingi, kamba na viatu vya chuma vya kukanyagia barafu. Sisi tulitaka kulala siku mbili tu katika kambi ya kwanza, katikati ya msitu, mahali paitwapo Nyabitaba, penye mita 2651. Nyakalengija i kwenye mita 1600 na kidogo. Kwa hiyo siku ya kwanza mtu hupanda mita elfu moja, na mwenye miguu ya kawaida hutembea muda wa saa sita hivi.

Kambi ya namna hiyo haina duka, haina umeme, wala gari haliifikii. Kila kitu kitakachotumika huko ni lazima kipande kwa miguu ya watu: unga, mchele, sufuria, mablanketi, chumvi. Hata moto wapanda kwa miguu. Msitu ule umo katika hifadhi ya taifa iliyowekwa mwaka 1991, na tangu mwaka 1994 umehesabiwa katika urithi wa dunia. Kukata miti ni marufuku. Basi makaa ya kupikia na ya kuotea yalitoka chini katika gunia, na gunia hilo lilikuwa mgongoni mwa mtu.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, mizigo ilipimwa kwa mzani, mmoja mmoja, ili mchukuzi asionewe. Tuliona jambo hilo ni jema, tukawaeleza wanafunzi faida yake. Lakini mizigo ilipokwisha kupimwa na kufungwa, tukakuta zimebaki chupa kumi na mbili za limonadi, ambazo tulizinunua njiani ili kuwafurahisha watoto jioni. Kuzibeba kulihitaji mchukuzi mwingine, na mchukuzi mwingine alihitaji mshahara mwingine. Tukaangaliana. Mchukuzi wa makaa, mzee mwenye mvi kidogo, alikuwa amekwenda kunywa chai. Sisi watu wazima tukafungua gunia lake, tukazitia zile chupa katikati ya makaa, tukafunga tena kama lilivyokuwa. Zilikuwa chupa za kioo. Uzito wake, kama tulivyohesabu baadaye, haukupungua kilo nane.

Mwanafunzi mmoja alituona. Tulimkonyeza, naye akanyamaza.

Basi tukaanza safari. Kwanza njia ilipita katikati ya migomba na mibuni ya wanakijiji, halafu ikaingia msituni, ikafuata mto Mubuku ambao unavuma chini bila kuchoka. Miti ilikuwa mirefu, na matawi yake yalivikwa ndevu za kijani zenye maji. Tuliona kangaga zilizosimama kama miti kabisa, na kinyonga mwenye pembe tatu puani, aliyetutazama kwa jicho moja na kwa jicho jingine akatazama nzi. Kiongozi akatuonyesha ndege mkubwa wa kijani. Aliporuka, mabawa yake yalikuwa mekundu kama damu, nasi tukapiga kelele za furaha kama watoto wadogo.

Tukavuka mto Mahoma darajani. Baada ya mto huo njia ilipanda kwa ghafula, tena ilipanda muda mrefu. Hapo mvua ikanyesha. Wale wasioijua mvua ya Ruwenzori wasifikiri kwamba ni manyunyu ya mlimani. Udongo ulikuwa uji, mizizi ya miti ililainika kama samaki. Sisi, wenye mikoba midogo tu mabegani, tulishika matawi, tukahema, tukasimama kila mara. Wachukuzi walitupita wakiwa na mizigo yao, ukanda umepita kwenye paji la uso, shingo imekazwa, macho yanatazama chini. Mzee wa makaa hakutupita. Mwanzoni alikuwa mbele, kisha tukampita sisi. Hatukusema neno.

Saa kumi za jioni tukafika. Nyabitaba ni mahali pazuri sana kwa unyonge wake. Pana nyumba ya mbao kwa wageni, yenye vitanda vya kupandana. Pana kibanda cha wachukuzi chenye jiko, pana vyoo, na uwanja mdogo ambapo mtu akisimama huona, mawingu yakimruhusu, vilele vya miamba viitwavyo Portal. Hakuna zaidi. Lakini aliyefika amelowa hatafuti zaidi: atafuta moto.

Na moto haukuwapo. Unga ulifika, sufuria zilifika, mablanketi yalifika, ila makaa hayakufika. Kuni zilizookotwa chini zilikuwa zimelowa, zikatoa moshi na machozi tu. Saa kumi na moja ikapita. Saa kumi na mbili ikapita, giza likaanguka mara moja kama lifanyavyo katika nchi zetu. Baridi ya mita 2600 iliingia katika nguo zetu mbichi, na mtoto mmoja akaanza kutetemeka hata meno yakagongana. Tulimfunika mablanketi matatu, tukamsugua mikono. Kiongozi alisimama mlangoni, akisikiliza.

«Mzee huyu nimefanya kazi naye miaka mingi,» akasema. «Hajachelewa hata siku moja.»

Akawatuma vijana wawili washuke na taa kumtafuta. Ndipo tulipoanza kuogopa, si kwa ajili yetu, bali kwa ajili yake. Ukingo ule ni mkali, na mtu akiteleza usiku, nani atamwona? Tukakaa kimya kitandani. Yule mwanafunzi aliyetuona asubuhi akasema polepole, bila kututazama:

«Mwalimu, labda ni zile chupa.»

Hakuna aliyemjibu. Wasomaji wapenzi, tumesikia mahubiri mengi na kusoma vitabu vingi juu ya dhamiri. Lakini neno hilo fupi la mtoto lilitupiga kupita yote.

Saa mbili za usiku taa zikaonekana katikati ya miti. Mzee alikuja akichechemea. Alikuwa ameteleza mara mbili, akaumia goti. Vijana walitaka kumpokea gunia, naye akakubali kuliachilia mlangoni tu. Hakukaa kitako. Alipiga magoti karibu na jiko, kwa goti zima, akafungua gunia, akaondoa makaa ya juu yaliyolowa, akatafuta makavu ya katikati. Hapo mkono wake ukagusa kioo.

Akatoa chupa ya kwanza, akaiweka sakafuni. Akatoa ya pili. Akazipanga moja baada ya moja, kumi na moja nzima na moja iliyovunjika shingo. Hakuuliza ni nani aliyezitia. Kisha akawasha moto.

Mmoja wetu akasimama, akasema: «Mzee, ni sisi.»

«Najua,» akajibu. «Nilijua tangu nilipoinuka asubuhi. Mgongo nao ni mzani.»

Tukamwuliza kwa nini hakusema. Akasema kwamba alidhani makaa yaliongezwa kwa ajili ya baridi ya watoto, hakutaka kuwanyima. Halafu akaongeza maneno ambayo tumeyachukua hata nyumbani:

«Kama mngeniambia kwamba ni chupa, ningezibeba. Lakini ningetembea polepole tangu mwanzo, wala nisingetumia nguvu zangu zote kabla ya Mahoma. Mtu akijua mzigo wake hujua na mwendo wake.»

Hakukasirika, wala hakucheka. Aliufukuzia moshi kando kwa kofia yake, akawaita watoto wasogee.

Usiku ule hatukukaa katika nyumba ya wageni. Wachukuzi walitufanyia nafasi katika kibanda chao, tukaketi bega kwa bega kuzunguka jiko, nguo zetu zikitoa mvuke. Mtoto aliyetetemeka alinywa chai ya moto, akapata rangi tena. Huko nje sauti kali ililia katika miti kama mlango wenye kutu. Wanafunzi wakaogopa, nao wenyeji wakawacheka: ni perere, mnyama mdogo anayeweza kukaa katika tundu la mti, lakini sauti yake yatosha mnyama mkubwa.

Tulimlipa yule mzee mshahara kamili wa mchukuzi mwingine, ule tuliotaka kuuficha. Aliupokea bila shukrani nyingi, naye alikuwa na haki, maana deni si zawadi. Tulisafisha goti lake, tukalifunga kitambaa. Lakini ilibaki kazi nyingine ngumu kupita hizo. Tulimwita yule mwanafunzi kando, tukamwambia: «Asubuhi tulikukonyeza. Tulikufundisha ubaya. Utusamehe.» Akainamisha kichwa, akasema: «Ndiyo, Mwalimu.» Baba asidhani kwamba atapoteza heshima yake kwa kumwomba mtoto msamaha. Heshima ilikwisha kupotea wakati wa kukonyeza, na kuomba msamaha ndiyo njia ya kuirudisha.

Karibu na moto tulizungumza pia habari za zamani. Tarehe 18 mwezi wa Sita mwaka 1906 Luigi Amedeo wa Savoia, mtemi wa Abruzzi, alikuwa mtu wa kwanza ajulikanaye kufika kilele cha Margherita, akakipa jina la malkia wa Italia. Vilele vingine navyo vina majina ya wakuu na wasafiri wa Ulaya. Lakini mtemi huyo hakupandisha hema na vyakula vyake kwa upepo. Msafara wake ulikuwa na wachukuzi kwa mamia. Majina yao yako wapi? Mwanafunzi akitafuta katika ramani hatayaona.

Hata hivyo liko jina moja. Mwenye kuendelea mbele ya Nyabitaba siku ya pili hulala katika kambi iitwayo John Matte. Huyo alikuwa Mkonzo wa Ibanda, ambaye miaka mingi aliwatafutia wasafiri wachukuzi na kuzipanga safari zao. Tulifurahi kusikia kwamba katika mlima wenye majina ya malkia na ya watawala, kambi moja inaitwa kwa jina la mtu aliyejua uzito wa mizigo.

Asubuhi mawingu yaliachana. Miamba ya Portal ilisimama mbele yetu, myeusi na yenye kumeta kwa maji, na chini mto ulivuma. Theluji yenyewe haikuonekana kutoka hapo. Wazee wa huko wasema imepungua sana, na wataalamu wanaopima wathibitisha: mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilifunika kilomita za mraba zaidi ya 6, na mwaka 2003 haikufika hata 1. Watoto walisikia habari hiyo kwa huzuni, wakaketi muda mrefu wakitazama juu.

Siku ya kushuka hatukuwa na haja ya kuwaagiza. Wanafunzi waligawana chupa tupu, tatu tatu, kila mmoja katika mkoba wake, wakachukua na takataka zote za kambi. Yule mzee alibeba sufuria moja na blanketi lake. Alitangulia mbele kwa mwendo wake mwenyewe, nasi tulimfuata kwa mwendo huo. Hakuna aliyechelewa.

Sasa, wasomaji wapenzi, kwa nini tumeandika habari hizi katika ukurasa wa jamaa? Kwa sababu si wote watakaopanda Ruwenzori, lakini wote hukutana na mizigo. Tokeni asubuhi katika njia za Butembo, za Bukavu, za vijiji vyetu vya Kivu. Mtaona nini? Mtaona mama aliyeinama, ukanda umepita kwenye paji la uso, kama wale wachukuzi wa mlimani. Mgongoni ana kuni, au mihogo, au makaa. Kifuani ana mtoto. Na mara nyingi nyuma yake anakuja mwanamume mwenye mikono mitupu, akipiga mluzi. Ukimwuliza, atasema: «Wamezoea.» Hilo ndilo kanda la usufi.

Iko mizigo mingine isiyoonekana, na hiyo ndiyo inayofichwa katika gunia. Baba amekopa fedha bila kumwambia mke wake, naye mke apanga matumizi ya nyumba asijue kwamba deni lipo. Mzee amwachia kijana wa kwanza kuwalipia wadogo zake masomo, bila kumwuliza kama aweza. Mwanafunzi awaficha wazazi kwamba hakufaulu, hata mwaka unakwisha. Katika kila jambo la namna hiyo aliyeficha asema moyoni: «Ni kitu kidogo, hatakisikia.» Lakini mgongo nao ni mzani. Anasikia. Na kwa kuwa hakuambiwa, hakuweza kupima mwendo wake. Akichelewa, jamaa yote yakaa gizani bila moto, na mara nyingi wanaotetemeka ni watoto.

Hatusemi kwamba mtu asibebeshwe mzigo. Bila mizigo hakuna kambi, hakuna nyumba, hakuna shule. Twasema mzigo upimwe mbele ya mwenye kuubeba, aujue, akubali, apate haki yake. Na mwenye mkono mtupu aulize kama yako atakayoweza kumpokea.

Kwa wale wazazi na walimu watakaotaka kuwapeleka watoto katika kambi ya msituni, twawaambia machache. Vaeni buti za mpira, maana katika matope yale viatu vya ngozi havifai. Fungeni nguo kavu na soksi za usiku katika mfuko wa plastiki. Chukueni blanketi zito hata kama chini kuna joto. Msikate mti, msioshe vyombo kwa sabuni katika kijito, wala msiache takataka. Chakula cha jioni ya kwanza na makaa kidogo vigawanywe katika mizigo miwili, ili mmoja akichelewa wote wasikose moto. Na limonadi iacheni kijijini. Mtainywa mkishuka, nayo itakuwa tamu zaidi.

Tumesikia kwamba goti la yule mzee limepona, naye amerudi kazini. Zile chupa tuliziuza tena dukani pale Kasese, ila moja. Hiyo iliyovunjika shingo i juu ya meza tunapoandika, na yule mwanafunzi akija kutusalimu huitazama, kisha hututazama sisi.

Kwaherini hata juma lijalo.